Wenye osteomalasia ya fosfeti: nini hasa kimekula maisha yenu, ni maumivu au kitu kingine?

Gongo la Pili (mleta mada)

Habari wakuu. Mwaka wa sita huu naishi na mifupa inayolainika. Siyo ile ya kukosa jua, yangu ni fosfeti (madini yanayokaza mfupa) kuvuja kwenye mkojo, ni ugonjwa nadra na wengi humu nadhani hamjawahi kuusikia.

Kila nikienda kliniki naulizwa swali lilelile, "maumivu ni mangapi kati ya sifuri na kumi?" Nasema sita, inaandikwa sita, narudi nyumbani. Sasa juzi usiku nilikuwa nimelala chali nataka kugeukia ubavu wa kushoto. Nikashika ukingo wa kitanda, nikavuta goti kwa mkono, nikapumzika, nikasogeza nyonga, nikapumzika tena, nikamalizia bega. Nikaangalia saa, dakika nne. Na muda wote huo maumivu hayakuzidi mawili maana nshajua pa kupita na pa kuacha. Hizo dakika nne zinaandikwa wapi?

Dai langu ni hili, maumivu siyo yanayotula. Kinachotula ni kwamba mwili ulikuwa unakutii bila hata kufikiri na sasa kila kitu ni hesabu, kuinuka kitini hesabu, kushuka ngazi hesabu, kupiga chafya hesabu. Wenzangu mnaonaje? Kwenu ni nini hasa?

Mpita Njia

Pole sana mkuu. Ila si ungekaa juani na kupata vitamini D ya kutosha? Mifupa laini najua inatokana na hiyo.

Nesi wa Zamu

Mpita Njia, unayoisema ipo na ndiyo ya kawaida zaidi, hukukosea. Ya mleta mada ni nyingine. Kuna homoni inaitwa FGF23 inatengenezwa na mifupa yenyewe, kazi yake ni kuiambia figo ipunguze fosfeti. Ikizidi, figo inamwaga fosfeti kwenye mkojo na papo hapo inapunguza kutengeneza ile vitamini D iliyo tayari kufanya kazi. Mfupa unakuwa na fremu lakini haukomai kuwa mgumu. Ukae juani mwaka mzima, fosfeti itaendelea kutoka tu.

Inaweza kuzidi kwa sababu mbili kubwa. Moja ni ya kuzaliwa nayo, XLH, inakadiriwa mtu 1 kati ya 20,000. Ya pili ni kauvimbe kadogo mahali popote mwilini, mara nyingi siyo saratani, kanamwaga hiyo homoni. Mleta mada wewe ni ipi?

Gongo la Pili

Ya uvimbe, ila haujaonekana mpaka leo. Skani mbili zimepita. Asante nesi.

Mzee Kifungo

Vijana salaam. Mimi nilikuwa nao, nikatolewa, kwa hiyo niwaambie kutoka upande wa pili wa mto.

Wangu ulikuwa kwenye nyama ya kisigino, mkubwa kama kifungo cha shati. Kifungo! Na hicho kifungo kilinifupisha sentimita saba. Nilijua vipi? Suruali. Kwanza nikadhani zimerefuka kwa kufuliwa, nikapinda pindo mara moja, mwaka uliofuata mara mbili, mke wangu akasema baba njoo tukupime kwenye fremu ya mlango pale tulipokuwa tunawapimia watoto. Mtoto wa mwisho alikuwa amenipita, na niliyekuwa nikimwekea alama za penseli ni mimi mwenyewe.

Miaka mitano nilitibiwa baridi yabisi, nikatibiwa diski ya mgongo, kuna mmoja akaniambia ni mawazo, nenda kaongee na mtu. Fosfeti hakuna aliyepima. Siyo kipimo kigeni, ni damu ileile, ila kwenye orodha ya vipimo vya kawaida mara nyingi hakimo, lazima mtu akiombe kwa jina.

Kwa hiyo jibu langu kwako Gongo: kilichonila ni ile miaka mitano ya kutoaminika. Mfupa uliunga. Ile sauti ya "ni mawazo" mpaka leo nikiumwa hata kichwa nasita kusema.

Mama Tatu

Mzee Kifungo umenitoa machozi na hiyo penseli. Shikamoo baba.

Mimi siafiki ya mleta mada kwamba maumivu siyo. Kwangu NI maumivu. Nina nyufa mbili kwenye mfupa wa paja ambazo zimekataa kufunga, siyo kuvunjika kabisa, ni zile nyufa za nusu, kwenye eksirei zinaonekana kama mstari mweupe umechorwa kwa rula. Kukanyaga hatua ya kwanza asubuhi ni kama mtu kanisubiri chini ya kitanda na nyundo. Mtu anayesema maumivu siyo tatizo labda kashayazoea, na kuyazoea nako ni ugonjwa.

Nesi wa Zamu

Mama Tatu rekebisho dogo dada yangu, hizo nyufa kwenye eksirei huwa mstari mweusi, yaani sehemu isiyo na madini inapitisha miale. Ukiona nyeupe pembeni yake ni mfupa unajaribu kuunga. Wataalamu wanaziita kanda za Looser. Kwa hiyo kama umeona weupe huenda ni habari njema.

Mama Tatu

Basi nilishika picha vibaya, asante. Kesho naitoa tena kwenye bahasha niangalie.

Mguu Upinde

Wakuu mimi ni wa XLH, nimezaliwa nayo, kwa hiyo nyie mliopata ukubwani mnaomboleza mwili mliokuwa nao, mimi sijawahi kuwa na mwingine. Hesabu anazosema Gongo kwangu ndiyo lugha ya kwanza. Nikiwa mdogo nilikuwa najua idadi ya ngazi za kila jengo nililowahi kuingia.

Kinachonila mimi ni matibabu yenyewe!! Fosfeti ya kunywa mara nne mara tano kwa siku, pamoja na kalsitrioli, yaani ile vitamini D iliyo tayari kufanya kazi. Ukinywa tumbo linachafuka na unaharisha, usipokunywa miguu inapinda. Shuleni nilikuwa naomba ruhusa ya kutoka mpaka mwalimu akaandika kwenye ripoti kwamba natoroka vipindi. Na huwezi kuongeza dozi ovyo maana dawa ileile inaweza kuweka chokaa kwenye figo na kuamsha tezi za paratiroidi, zile za shingoni. Yaani unatembea juu ya kamba, huku figo, huku mifupa.

Halafu meno. Mbona hakuna anayetaja meno? Jipu linatokea kwenye jino ambalo halijatoboka hata kidogo, daktari wa meno anakuangalia kama umemdanganya.

Kisiki

Hii XLH si ndiyo inatoka kwa mama tu? Maana iko kwenye kromosomu ya X.

Mguu Upinde

Hapana Kisiki. Mama mwenye nayo ana nusu kwa nusu kwa kila mtoto, wa kike au wa kiume. Baba mwenye nayo anawapa mabinti zake WOTE na hampi mtoto wa kiume hata mmoja, kwa sababu mtoto wa kiume anachukua Y kwa baba. Jini yenyewe inaitwa PHEX, ilitambuliwa 1995. Na wengine wanaipata bila mzazi yeyote kuwa nayo, inaanzia kwao.

Mimi ni baba, nina binti mmoja. Tulimpima akiwa mchanga. Nilijua jibu kabla damu haijatoka kwenye kidole, ila nilikaa pale nikitumaini hesabu ya shule ikosee. Kama kuna kipimo cha ubora wa maisha kiniulize hilo.

Mzee Kifungo

Pole mwanangu. Binti anaendeleaje?

Mguu Upinde

Anaendelea vizuri mzee. Yeye alipata sindano mapema, ile burosumabu, kila wiki mbili. Miguu inanyooka. Mimi naipata kila wiki nne, kwa mkubwa ndivyo ilivyo.

Kisiki

Hiyo burosumabu si ndiyo inayeyusha ule uvimbe? Gongo si uombe hiyo badala ya kuutafuta.

Nesi wa Zamu

Kisiki leo umeamka na maswali, lakini yanatusaidia. Haiyeyushi uvimbe. Ni kingamwili, inaikamata FGF23 kwenye damu isifike kazini. Uvimbe unabaki palepale ukitengeneza. Marekani iliruhusu itumike kwa XLH 2018 na kwa wa uvimbe 2020, kwa wale ambao uvimbe hauonekani au hauwezi kutolewa wote. Uvimbe ukipatikana, kuutoa ndiyo dawa ya kweli. Historia yake ni ndefu, mwaka 1959 Prader na wenzake walimweleza binti aliyepona mifupa baada ya kutolewa uvimbe ubavuni, lakini homoni yenyewe watu hawakuijua mpaka 2000 na 2001. Miaka arobaini watu wanajua kuna kitu kinatoka mle na hawakijui jina.

Mzee Kifungo

Na ukitolewa ni haraka kiasi cha kutisha. Mimi ndani ya wiki moja fosfeti ilishapanda ikawa ya kawaida bila kidonge. Homoni inashuka saa chache tu baada ya upasuaji, hivyo niliambiwa. Ila hapa ndipo nataka wataalamu wanijibu, mwili ulichukua zaidi ya mwaka, na kuna vitu havijarudi. Urefu haukurudi. Na uoga haukuondoka. Daktari alinionyesha karatasi, kila namba iko sawa, akasema mzee umepona, nami nikashuka ngazi zake nimeshika reli kwa mikono miwili.

Namba zimepona, mimi je?

Dirisha Wazi

Mzee umegusa penyewe. Mimi yangu ilitoka kwenye dawa. Natumia dawa za virusi miaka mingi, ilikuwemo tenofoviri, kwa wachache inaumiza vile virija vya figo vinavyorudisha fosfeti kwenye damu. Kwangu walishtuka walipoona sukari kwenye mkojo huku sukari ya damu iko sawa. Nikabadilishiwa dawa (NAOMBENI msiache dawa zenu kwa sababu ya bandiko langu, nenda kapimwe kwanza) na miezi ikapita mifupa ikaunga.

Lakini nguvu! Hapo ndipo mimi nasimama, tofauti na wote mliotangulia. Siyo maumivu, siyo dharau za madaktari, ni UDHAIFU. Misuli inaendeshwa na fosfeti, nishati yote ya seli inabebwa na fosfeti. Mimi nilikuwa nakaa kwenye ukingo wa kitanda na soksi mkononi nusu saa. Mguu hauumi, mkono hauumi, soksi iko mkononi, na haiendi. Familia walisema nimekuwa mvivu. Mtu mwenye gongo watu wanamwona, mwenye soksi mkononi nani anamwona?

Gongo la Pili

Dirisha umenitikisa. Soksi na dakika nne zangu ni ndugu.

Mpita Njia

Nimesoma uzi wote, naomba radhi kwa swali langu la jua. Sikujua kabisa. Nauliza tena kwa heshima, sasa fosfeti ikirudi kawaida halafu mtu bado anaumwa inakuwaje? Si chanzo kimeondoka?

Nesi wa Zamu

Swali zuri na ndilo analouliza mzee. Kuna utafiti wa burosumabu kwa watu wazima 134 wenye XLH, wiki 24, nusu walipewa dawa na nusu sindano tupu. Fosfeti ilifika kiwango cha kawaida kwa takriban 94% ya waliopewa dawa, wa sindano tupu 8% hivi. Hiyo ni tofauti ya mbingu na ardhi. Nyufa nazo ziliunga zaidi. Lakini walipojaza yale madodoso ya maisha, kilichobadilika wazi ni ukakamavu wa viungo. Maumivu yalipungua lakini tofauti haikuwa ya uhakika kwa muda ule. Kwa hiyo namba ya damu inakimbia, maisha yanafuata kwa mguu.

Kwa nini, maelezo ni mengi. Mimi naamini ni uharibifu wa zamani, viungo vilishasagika kwa sababu miguu ilipinda miaka yote, na kwa XLH kano na mishipa migumu inajijenga mfupa pale inaposhika, kisigino, nyonga, mgongo, na hilo halirudi nyuma kwa sindano.

Mguu Upinde

Ndiyo, mgongo wangu wa chini siku hizi kama ubao. Sindano imenirudishia asubuhi, sasa naamka na kufunga viatu mwenyewe, hilo silidharau hata kidogo. Lakini kuinama kuokota kitu bado naita mtoto.

Dirisha Wazi

Nesi nakuheshimu ila mimi sina XLH, sikuwa na viungo vilivyosagika, na bado ilichukua muda. Kwangu ni misuli iliyolala. Mwaka mzima hujatembea, mifupa imepona lakini misuli imekuwa uzi. Fizio, mtu wa mazoezi ya viungo, ndiye alinirudisha, siyo kidonge.

Mzee Kifungo

Na mimi nasema ni uoga. Ubavu wangu mmoja ulipasuka kwa kupiga chafya, nilisikia "tk", kama mtu kavunja kijiti kwenye chumba cha pili. Ubavu umeunga zamani. Lakini chafya ikija mpaka leo nakumbatia mto. Uoga ule unanifanya nitembee kidogo, nikitembea kidogo misuli inalala kama anavyosema Dirisha. Hivyo huenda sote tunasema kitu kimoja, au hapana, sijui, nyie ni wasomi.

Mama Tatu

Hapana mzee tusisemeshane kitu kimoja. Mimi uoga sina, nina maumivu. 😀 Nimetoa ile picha kwenye bahasha. Nesi uko sahihi, mstari ni mweusi, na pembeni kwenye mguu wa kulia kuna weupe kidogo. Wa kushoto hamna kitu.

Nesi wa Zamu

Wa kulia unajitahidi mama. Mwonyeshe daktari picha ya zamani na mpya pamoja, siyo mpya peke yake.

Chaki Nyeupe

Nimechelewa kufika. Mimi mifupa yangu laini lakini kipimo cha ALP (kimeng'enya cha mifupa kinachopimwa kwenye damu) kiko CHINI na fosfeti haijashuka. Kila ninaposoma wanasema ALP hupanda. Je mimi ni mwenzenu?

Nesi wa Zamu

Chaki hilo ni jambo la muhimu, msilipite. Kwenye osteomalasia nyingi ALP hupanda. Ikiwa chini mara kwa mara, kuna ugonjwa mwingine wa kuzaliwa nao unaitwa haipofosfatasia, hapo ALP yenyewe ndiyo pungufu. Tiba yake ni tofauti, na zile dawa za mifupa kumomonyoka, jamii ya bisfosfoneti, zinaweza kukuletea madhara. Ukiandikiwa dawa ya mifupa, taja ALP yako kabla hujameza, na uombe kuonana na bingwa wa homoni au wa mifupa anayeujua ugonjwa huo.

Chaki Nyeupe

Mungu wangu. Nilishaandikiwa wiki iliyopita, sijaanza. Ntapiga simu asubuhi. Asante sana dada.

Kisiki

Sasa hayo madodoso ya maisha yanauliza nini? Au nayo ni sifuri hadi kumi?

Mguu Upinde

Lipo moja linatumika sana, SF-36, maswali 36. Linauliza kupanda ngazi, kubeba mizigo, kuinama, kuoga na kuvaa mwenyewe, nguvu ulizonazo, kama ugonjwa umekuzuia kuonana na watu, kama umekuwa na huzuni. Ni afadhali kuliko namba moja. Ila linauliza ya sasa na ya wiki nne zilizopita tu. Mimi wa kuzaliwa nayo nikiulizwa "afya inakuzuia kupanda ngazi?" najibu kidogo tu, kwa sababu sijawahi kujua kutozuiwa kukoje. Mzee Kifungo aliyekuwa anakimbia atajibu sana. Karatasi itasema mimi ni mzima kuliko yeye. Kuna pia kile cha kutembea dakika sita wanapima umbali, hicho hakina maneno, nakiamini zaidi.

Dirisha Wazi

Hapo hapana. Dakika sita natembea vizuri nikiangaliwa, halafu nalala siku mbili. Waje wapime siku ya pili.

Mama Tatu

Na swali la kulea hamna. Mtoto wangu wa mwisho hajawahi kubebwa na mimi nikiwa nimesimama. Nakaa kwanza ndipo analetwa kwangu. Sasa ana miaka mitatu, akitaka kubebwa anakuja na kiti. Anakiburuta mwenyewe mpaka nilipo, ananiambia kaa.

Mzee Kifungo

...

Gongo la Pili

Wakuu nimerudi, jana nilikuwa kliniki. Nilifanya kitu. Niliandika kwenye karatasi dakika nne za kitanda, chafya, ngazi, nikaongeza soksi ya Dirisha kwa ruhusa yake. Alipouliza maumivu mangapi nikasema sita, na karatasi hii hapa. Akasoma kimya. Akauliza, "dakika nne kweli?" nikasema ulitaka nikuletee saa? Akaniambia inuka kwenye kiti mara tano bila kushika mikono. Nikainuka mara mbili, ya tatu nikabaki katikati. Akaandika, safari hii mistari mingi.

Ameomba skani nyingine, ile ya PET ya DOTATATE ambayo inang'arisha vimbe za aina hii, kuanzia kichwani mpaka kwenye vidole vya miguu, maana zile mbili za mwanzo ziliishia mapajani. Mzee Kifungo, kisigino chako kilinijia kichwani palepale, ndiyo mimi niliyesema "na miguu pia daktari".

Dai langu nimelilegeza kidogo baada ya Mama Tatu, lakini sijaliacha.

Mama Tatu

Usiliache, tutabishana mpaka majibu yatoke. Yakitoka uje hapa kwanza.

Mguu Upinde

Gongo, kuhusu kitanda. Weka kitambaa cha kuteleza chini ya nyonga, siyo shuka lote, ukiweka lote utateleza mpaka chini. Goti likunje kwanza, mkono uvuke kifua, halafu pumua nje ndipo ugeuke. Mimi natumia kama dakika moja na nusu.

Gongo la Pili

Leo usiku najaribu.